Moyo Mgumu na Msalaba Uliovuliwa: Hadithi za Jirel na Alyx Mbele ya Mchungaji

Katika makala hii tunakusudia kuzipima hadithi za aina ambayo haijazoeleka katika kurasa za jarida la chuo cha theolojia. Ni hadithi fupi zilizobuniwa kwa kuchanganya sayansi, uchawi na safari za kwenda katika dunia nyingine, na mhusika wake mkuu ni mwanamke wa upanga: mwenye moyo mgumu, mwepesi wa kuua, na mara nyingine auaye kwa ujira. Si shujaa wa kuwekwa mbele ya watoto wa Shule ya Jumapili. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini watumishi wa Neno wajishughulishe na mwanamke wa namna hiyo. Jibu letu ni fupi: tunaye sharikani. Pale Karatu, kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro, wapo akina mama na mabinti ambao majina yao yamepita katika vikao vya wazee wa kanisa kwa sifa moja tu, kwamba ni wagumu. Wameonywa hawakuonyeka, wametengwa hawakurudi, na wengine hutucheka usoni tunapopita mbele ya vibanda vyao. Tumezoea kuuona ugumu huo kuwa ndio dhambi yenyewe. Hadithi hizi zinauliza swali ambalo vikao vyetu huliruka, yaani ugumu huo ulitengenezwa na nani.

Mwandishi wa kwanza ni Catherine Lucille Moore, Mmarekani aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1911 na kufariki mwaka 1987. Alikuwa akifanya kazi benki, akatia sahihi hadithi zake kwa herufi tu, C. L. Moore, ili waajiri wake wasiitambue kazi yake ya pembeni. Wasomaji wengi wakadhani ni mwanamume. Hata mwandishi mwenzake Henry Kuttner alimwandikia barua mwaka 1936 akimwita bwana; mwaka 1940 wakafunga ndoa. Mhusika wake Jirel, mtawala wa ngome ya Joiry katika Ufaransa ya Zama za Kati, alitokea kwa mara ya kwanza katika gazeti la Weird Tales la Oktoba 1934, katika hadithi iitwayo "Black God's Kiss", yaani busu la mungu mweusi.

Kisa chenyewe ni hiki. Ngome ya Joiry imetekwa na mtu aitwaye Guillaume. Jemadari wa ngome analetwa mbele yake akiwa ndani ya vazi la chuma, na kofia ya chuma inapovuliwa mshindi anaona kwamba ni mwanamke, mwenye nywele nyekundu na macho ya manjano kama ya simba. Anambusu kwa nguvu mbele ya askari wake, kisha anaamuru atupwe kifungoni. Jirel anampiga mlinzi na kutoroka, lakini hakimbilii msituni. Anakwenda kanisani kwa Padre Gervase na kumwambia kwamba atashuka kupitia mlango wa siri ulio chini ya ngome, ambao wao wawili wanaujua, akatafute huko silaha ya kumwangamiza mtu yule. Padre anamsihi asiende, kwa ajili ya roho yake. Anakwenda. Njia inazunguka kuelekea chini kama tundu la mnyoo mkubwa, mpaka anafika mahali pa giza tupu, na mkufu wa msalaba alioubeba shingoni unamkaba. Anauvua. Papo hapo giza linaondoka, na mbele yake pana nchi kubwa chini ya nyota asizozijua. Huko anaikuta sanamu ya mungu mweusi katika hekalu lililo juu ya ziwa, anaibusu, na busu hilo linaweka ndani yake uzito ambao hauvumiliki mpaka ampe mwingine. Anapanda juu, anambusu Guillaume, naye Guillaume anakufa. Hapo ndipo Jirel anapotambua kwamba yule aliyemchukia kuliko watu wote ndiye aliyempenda.

Tuanze na lililo jema. Moore haiharakishi hasira ya mwanamke huyu. Hadithi karibu yote ni safari ya hasira hiyo, hatua kwa hatua kwenda chini, na msomaji analazimika kushuka nayo. Sisi wachungaji hatuna subira hiyo. Mama anapokuja ofisini akiwa amedhulumiwa, aghalabu tunamfungulia Mathayo 18 juu ya kusamehe kabla hajamaliza sentensi ya tatu, na Zaburi za laana, mathalani ya 109 au ya 137, tunazipita katika mpango wa masomo kana kwamba zimeandikwa kwa makosa. Matokeo yake ni kwamba mama yule anaondoka na msamaha mdomoni na hasira tumboni. Moore anajua kwamba hasira isiyosikilizwa haiyeyuki. Inatafuta mlango chini ya ngome. Kadhalika anajua jambo ambalo Luther alilifundisha katika mihadhara yake juu ya Warumi ya mwaka 1515 na 1516, kwamba moyo wa mtu aliye dhambini umejikunja ndani yake wenyewe. Ule uzito ambao Jirel anaubeba kutoka kuzimu ni mfano mzuri kabisa wa kukunjika huko. Silaha ya kisasi inamwumiza kwanza mbebaji, na haimwachii nafasi ya kufikiri jambo jingine lolote. Tumesoma maelezo mengi ya kitaaluma juu ya mafundisho hayo ambayo hayakutufikisha mbali hivyo.

Hapo hatuna budi kuitazama nidhamu ya kanisa. Binti akipata mimba nje ya ndoa, mila ya zamani ya Wairaqw ilimhesabu kuwa ametia unajisi, na aliondolewa nyumbani kwao. Injili ilipofika ilikuta kutengwa huko, ikakupinga, halafu katika sharika nyingi tukajenga kutengwa kwetu wenyewe. Binti haikaribii Meza ya Bwana, jina lake linatajwa, anangoja siku ya kurudishwa kundini mbele ya watu wote. Mwanamume aliyehusika mara nyingi anaendelea kukaa kwenye benchi lake, maana hana tumbo la kumshuhudia. Hatusemi kwamba nidhamu haina nafasi katika Kanisa. Tunasema kwamba binti akikaa miezi mingi nyuma ya kanisa akitazama migongo ya watu, asione aibu yake ikigawanywa kwa haki, si ajabu akatoka pale akiwa amevaa vazi la chuma. Kisha tunaandika katika kumbukumbu za kikao kwamba amekuwa mgumu. Farao alikuwa na moyo mgumu, ni kweli, lakini Farao alikuwa na magari ya vita na jeshi. Neno hilohilo halina budi kupimwa upya linapomwangukia mtu asiye na kitu.

Tulipoisimulia hadithi hii kwa Kiswahili mbele ya kikundi cha akina mama wa Karatu, tukiyaacha majina ya Kifaransa ambayo yangewasumbua bure, mama mmoja mzee alituuliza: "Baba Mchungaji, huo msalaba ulimzuia asione, au ulimzuia asiende?" Hatujapata kusikia swali zuri kuliko hilo katika darasa lolote. Maana hapo ndipo penye kiini cha hadithi na ndipo penye udhaifu wake pia. Kwa Moore, msalaba ni kitambaa cha macho. Aliyeuvaa amesimama katikati ya nchi ya uovu asione kitu, na anayetaka kuona hana budi kuuvua. Katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518 Luther alisema kinyume kabisa: mwanatheolojia wa utukufu huita ovu jema na jema ovu, bali mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake. Kwa Luther msalaba ndio macho. Asiyeutazama Mwana wa Adamu akiangikwa nje ya mji hawezi kujua uovu wa wanadamu ulivyo, wala hawezi kuuvumilia akiujua.

Hata hivyo tusimshinde Moore kwa urahisi. Upo msalaba anaousema yeye, na tunaufahamu. Ni msalaba uliogeuzwa kuwa pambo au kinga, unaoning'inizwa shingoni kama hirizi ili mwenye nyumba asilazimike kujua kilicho chini ya nyumba yake. Mtazame Padre Gervase. Si mtu mbaya. Anampenda Jirel na anamwogopea. Lakini mlango ule anaujua, na alichonacho cha kumpa mwanamke aliyedhalilishwa ni onyo peke yake. Anabaki kanisani huku Jirel anashuka peke yake, na tunamkuta tena juu pamoja na wanaomngojea. Katika hadithi nzima yeye ndiye anayefanana nasi zaidi. Jibu letu kwa mama yule lilikuwa kwamba msalaba ule haukumzuia Jirel asione wala asiende, bali ulimzuia asiende peke yake, na ndiyo maana aliuvua. Hakuridhika sana na jibu hilo. Alisema kwamba msalaba wenyewe si mtu, na palikuwapo mtu ambaye angeweza kwenda.

Juu ya huyo mungu mweusi kuna jambo ambalo mhakiki wa Marekani asingeliona. Gazeti la mwaka 1934 halikujisumbua hata kidogo kueleza kwa nini uovu uwe mweusi; liliona yatosha kutaja rangi. Hadithi hiyo ikisimuliwa kwa Wamasai wa nyanda za Ngorongoro, inapinduka. Kwao Engai Narok, Mungu mweusi, ndiye mpole, mweusi kama wingu la mvua linaloleta majani kwa ng'ombe. Mwenye ghadhabu ni Engai Nanyokie, Mungu mwekundu. Basi msikilizaji wa Kimasai akisikia kwamba mwanamke mwenye nywele nyekundu, amejaa kisasi, anakwenda kwa mungu mweusi, atatazamia kwamba anakwenda kutulizwa. Kwa Wairaqw hali ni tofauti tena. Wao hawashangazwi na nchi iliyo chini: Looaa, aliye juu na ambaye lugha humtaja kama mwanamke, ni mwema, na wanaotisha ni netlaamee wanaokaa chini kwenye chemchemi na mito. Akina mama wa Karatu waliielewa ngome ya Joiry papo hapo, wala hawakuhitaji kuelezwa kwamba mtu haendi huko kuomba kitu bila kulipa. Mwanafunzi atakayetumia hadithi hii katika mazoezi ya usharika aanze na tofauti hizo, asije akahubiri weusi wa kuzimu mahali ambapo weusi ni mvua.

Sasa tufike mahali tunapokataa. Mwisho wa "Black God's Kiss" ni mwisho mbaya. Guillaume amemteka Jirel, amemdhalilisha mbele ya watu, amemfunga. Na mwandishi anatuambia kwamba moto uliokuwa moyoni mwake wakati wote ulikuwa upendo usiojitambua. Wahakiki wengine wameusifu mwisho huo kwa sababu unashtua. Tunakubali kwamba unashtua. Lakini fundisho lililo ndani yake tunalijua sana, na tumelisikia kutoka kwa wajomba na washenga: kwamba binti aliyechukuliwa kwa nguvu alie tu, atazoea, na hatimaye atagundua kwamba alimpenda mumewe tangu mwanzo. Tuilinganishe na Mwanzo 34. Shekemu anamtwaa Dina na kumtenda jeuri, na baada ya hapo Maandiko yanasema juu ya upendo wa Shekemu, jinsi moyo wake ulivyoambatana na binti yule na jinsi alivyomwambia maneno ya kumtuliza. Juu ya upendo wa Dina hayasemi neno. Dina hafungui kinywa katika sura nzima, na wasomaji wengi wamelalamika juu ya ukimya huo. Sisi twaona kwamba ukimya huo, pamoja na uchungu wake wote, ni wa kweli kuliko mwisho wa Moore, kwa sababu haumwekei Dina mdomoni maneno ambayo Shekemu angependa kuyasikia. Inasikitisha zaidi kwa kuwa aliyeandika ni mwanamke mwenye kipaji, aliyejua ni nini kuficha jina lake ili apite katika dunia ya wanaume.

Lakini Moore mwenyewe hakuliacha jambo hilo lilale. Katika toleo la Desemba 1934 alitoa hadithi ya pili, "Black God's Shadow". Jirel hapati usingizi. Sauti ya Guillaume inamlilia kutoka chini, kwa kuwa aliyeuawa kwa silaha ile hakupata kifo cha kawaida. Anashuka tena, na safari hii hashuki kutafuta kuua. Anashuka kumkomboa adui. Mungu mweusi anampiga kwa baridi kali inayoingia hadi rohoni, naye anapambana kwa kitu pekee alichonacho, yaani joto la moyo wa kibinadamu, mpaka roho ya Guillaume inaachiliwa ipate pumziko. Hapa ugumu wa Jirel unaonekana kwa upande wake wa pili: moyo laini usingefika huko. Kila Jumapili tunakiri katika Imani ya Mitume kwamba Kristo alishuka kuzimu, na kipengele hicho hupita midomoni mwetu kwa kasi kuliko vyote, maana hatujui tukifanyie nini. Hadithi hii ya gazeti la bei ndogo inatupa picha yake, ingawa picha yenye kasoro kubwa. Jirel anashuka ili alipe deni lake mwenyewe. Kristo hakuwa na deni kule, alishuka kwa ajili ya deni la wengine. Aidha Jirel anampandisha mmoja tu, yule anayemlilia yeye. Mwalimu akiziweka tofauti hizo mbili wazi, atakuwa na somo zima la Jumamosi Kuu bila kutafuta kwingine.

Hadithi nyingine za Jirel hazihitaji maneno mengi. Moore alikuwa na mazoea ya kurundika sifa juu ya sifa kila anapoeleza giza, na mpango wa mlango, nchi ngeni na adui mwenye uchawi unarudiwa hadi unachosha. Katika "Quest of the Starstone" ya Novemba 1937, aliyoiandika pamoja na Kuttner, anamkutanisha Jirel na Northwest Smith, mhalifu wake wa sayari ya Mars. Ni mchezo wa kufurahisha tu. "Hellsgarde" ya Aprili 1939 ni bora, kwa kuwa humo Jirel anakwenda kuleta hazina ya watu wengine kama fidia ya askari wake waliotekwa, na hapo anaanza kufanana na mamluki.

Neno hilo lina harufu mbaya kwetu. Kizazi chetu kililijua kwa habari za Kongo ya miaka ya 1960 na za Novemba 1981, Mike Hoare alipowapeleka watu wake kuipindua serikali ya Shelisheli. Riwaya zetu za upelelezi zimewafanya wanaume kuwa mashujaa wa vita hiyo, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na wanawake humo aghalabu ni wasaidizi au mitego. Biblia ina uthubutu zaidi. Yeftha aliitwa na wazee wa Gileadi kwa mapatano, na Daudi katika 1 Samweli 27 anaishi Siklagi chini ya Akishi mfalme wa Gathi, anavamia vijiji, haachi mwanamume wala mwanamke hai, na anamdanganya bwana wake. Sura hiyo hatuihubiri. Tukiihubiri, tutaona kwamba Mungu alimtunza mtu ambaye wakati ule hakuwa na tofauti na mamluki yeyote.

Joanna Russ, Mmarekani aliyeishi kati ya 1937 na 2011, alimwumba mamluki mwanamke kamili. Alyx alifika katika mji wa Ourdh akiwa katika ujumbe wa kidini uliokuja kuwageuza wenyeji. Akauacha ujumbe, akawa mwizi na mlinzi wa kukodiwa. Wainjilisti wenzetu watamsoma kwa kicheko chenye wasiwasi. Katika hadithi zilizotoka mwaka 1967 na 1968 anamtorosha bibi mdogo anayekwepa ndoa asiyoitaka, na katika "The Barbarian" anakodiwa na mtu mwenye mitambo ya ajabu amwue mtoto mchanga. Alyx, ambaye ameua wengi, anakataa. Baadaye mtu yule anajigamba kwamba ndiye aliyeiumba dunia, naye Alyx anamwua. Russ hakuwa na haja na dini, lakini hapa ameandika, bila kukusudia, tafsiri ya Amri ya Kwanza: aagizaye mtoto auawe kwa ajili ya mema yajayo si Mungu, hata awe na mitambo kiasi gani.

Twapenda zaidi kisa chake kirefu, "Picnic on Paradise" cha mwaka 1968. Alyx amechukuliwa kutoka zama za kale na kupelekwa katika sayari ya utalii iliyoingiwa na vita vya kibiashara, awavushe watalii kwa miguu katika milima ya theluji, bila vyombo vyovyote ambavyo adui angeweza kuvigundua. Vijana wa Karatu wanaowashusha wageni katika kreta ya Ngorongoro na kuwatoa kabla jua halijatua watakicheka na kukielewa. Humo wamo wageni wanaolalamika njiani, wageni wasiojua kwamba baridi inaua, na watawa wawili. Alyx anawachukia, anawafundisha, anampenda mmoja wao, kijana aitwaye Machine. Machine anaanguka, mwenzake Gunnar anaganda kwa hofu asimsaidie, na Alyx anamwua Gunnar. Hakuna anayemweleza kwamba alimpenda. Hakuna mlango wa kumrudishia uhai wake. Baadaye anaendelea kuwavusha waliobaki, kwa sababu ndiyo kazi aliyokodiwa, na Russ hamwambii msomaji kama huo ni ugumu au ni uaminifu. Wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu walibishana juu ya neno hilo saa mbili, na nusu yao walitoka darasani bila kukubaliana na nusu nyingine.